Kuambiana ukweli kwenye kazi za hatari: dalili, chanzo na la kufanya

Ofisini, karani akikosolewa vibaya atanuna wiki nzima na kazi itaendelea. Kwenye konveya ya mawe, ndani ya tangi la kemikali au chini ya kreni, neno lililomezwa linaweza kumtoa mtu mkono au uhai. Kwa hiyo namna tunavyokosoana kazini ni sehemu ya usalama sawa na kofia ngumu na kufuli ya kuzuia mashine isiwashwe. Ikiharibika, tafuta chanzo kama fundi anavyoitafuta beringi inayopiga kelele: unaanza na unachokisikia, unarudi nyuma hatua kwa hatua, na hubadilishi kitu kabla hujajua kilichoharibika. Viongozi wengi wa zamu huanzia mwisho. Wanambadilisha mtu, kisha wanashangaa kelele ikibaki palepale.

Naandika kwa imani moja niliyo nayo kuhusu kazi hizi. Mara nyingi watu hawanyamazi kwa uoga wala kwa kutojali. Wananyamaza kwa sababu waliona kilichompata aliyesema mara ya mwisho.

Kwanza kabisa: hatari ipo sasa hivi?

Kama mtu amesimama chini ya mzigo unaoning'inia, au anaingiza mkono kwenye mashine ambayo bado ina umeme, huo si wakati wa mrejesho. Ni wakati wa kupaza sauti: "Simama!" Hakuna shikamoo, hakuna samahani, hakuna kupima cheo. Kibarua wa siku ya kwanza ana haki ya kumpigia kelele meneja wa kiwanda, na kila mtu aijue ile ishara ya mkono ya kusimamisha kazi, maana kwenye kinu sauti haifiki.

Kinachosahaulika ni hatua ya pili. Mashine ikishazimwa na mtu akishatoka, rudi kwake. "Mzee, uniwie radhi kwa kukupigia kelele. Mzigo ulikuwa juu yako na mnyororo ulikuwa umejikunja." Sentensi hizo mbili zinafuta mengi. Asiyerudi ndiye anayeondoka na sifa ya ukorofi, na siku nyingine atasita kupiga kelele.

Mengine yote hapa chini yanahusu mrejesho wenyewe, yaani maneno ya kabla na ya baada ya hatari.

Dalili: watu wanaona kosa na kukaa kimya

Usikimbilie kuandaa mafunzo. Angalia kwanza ni nani anayenyamaza, mbele ya nani, na wapi.

Wakinyamaza vibarua peke yao huku wenye ajira ya kudumu wakisema, tatizo ni mkate. Kibarua husomwa jina getini asubuhi, na asiyesomwa hana pesa ya siku hiyo. Akimwambia fomani leo kwamba ngazi imepasuka, na kesho jina lake lisisomwe, hata kama ni bahati mbaya tu, wote waliosimama pale getini wameshapata somo. Bango la usalama halitalifuta somo hilo. Linafutwa palepale lilipotolewa: anayesoma majina asiwe yule anayeweza kukosolewa, na aliyetoa taarifa ya hatari aitwe tena kazini wenzake wakiona.

Wakinyamaza wote, lakini kwenye zamu ya mkuu mmoja tu, chanzo unakijua. Zungumza na huyo mkuu faraghani, na umpelekee tukio halisi. Kumwambia kwamba watu wanamwogopa hakumsaidii kitu, kwa sababu hajui aanze kurekebisha wapi.

Wakinyamaza kikaoni halafu wakasema yote kwenye basi la kurudi nyumbani au kwa mama ntilie, kilichoharibika ni kikao. Vikao vingi vya asubuhi huendeshwa hivi: mkuu anasoma taarifa, anaonya, anauliza "Kuna swali?", na kabla mtu hajafungua mdomo anasema "Haya, kazini." Geuza mpangilio. Aanze kusema wa chini kabisa, na swali liwe la kazi ya leo: "Leo tunafungua pampu ya mafuta. Wapi panaweza kutuumiza?" Kisha nyamaza usubiri. Kimya kitakuwa kirefu na kitakukera. Kivumilie, maana ukijaza wewe utakuwa umewajibia.

Halafu kuna umri, na hapa ndipo penye ugumu mkubwa kwetu. Kijana wa miaka 23 aliyetoka chuo cha ufundi amewekwa chini ya fundi wa miaka 55 aliyeanza kazi kabla yeye hajazaliwa. Anaona mzee anafungua mfuniko wa konveya bila kufunga swichi kwa kufuli. Malezi yote aliyopata yanamwambia mkubwa hakosolewi. Kumfundisha kijana huyu "ujasiri" wa kusema kama hana adabu ni kupoteza muda, na mzee hatamsikia. Mpe maneno yanayobeba heshima na hatari kwa pamoja, yakipanda ngazi kwa ngazi:

"Mzee, sijaona kufuli kwenye swichi ya konveya namba mbili."

Akijibu, "Ah, ni dakika moja tu," kijana asirudi nyuma:

"Nakuelewa mzee, lakini nina wasiwasi. Mtu wa chumba cha udhibiti hajui kama uko ndani. Naomba niende nikafunge, nirudi na ufunguo nikukabidhi wewe."

Akikataa tena:

"Basi mzee, hapa tusimame kwanza mpaka fomani afike."

Angalia kinachofanyika hapo. Ngazi ya kwanza inataja kitu kinachoonekana, ya pili inataja hatari na kijana anajitolea kubeba usumbufu yeye, ya tatu inasimamisha kazi. Hakuna mahali mzee alipoitwa mzembe. Na hakuna mahali palipo na swali ambalo mtu anaweza kulijibu kwa neno moja akaendelea.

Hilo la swali lina historia nzito. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos kwenye kisiwa cha Tenerife, Hispania, ndege mbili aina ya Boeing 747, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana kwenye ukungu na watu 583 wakafa. Ndege ya KLM ilikuwa imeanza kukimbia ili iruke bila ruhusa ya waongozaji. Injinia wa ndege aliuliza kama ile ya Pan Am haijatoka bado njiani. Rubani mkuu, aliyekuwa pia mkufunzi mkuu wa marubani wa 747 katika kampuni hiyo, akajibu kwa uhakika kwamba imeshatoka. Yakaishia hapo. Yule injinia aliona hatari na alisema, ila alisema kwa umbo la swali, na mbele ya mkubwa swali hujibiwa na kufungwa. Tangu enzi hizo mashirika ya ndege yakaanza kuwafundisha wadogo namna ya kusema na wakubwa namna ya kusikia. Nusu hiyo ya pili ndiyo viwanda vingi vinairuka. Mafundi wazee waitwe wenyewe kwanza, bila vijana kuwepo, waombwe wawe wa kwanza kusema hadharani: "Ukiniona nakosea, niambie, sitakasirika." Neno la mzee linafungua mlango ambao waraka wa meneja hauwezi.

Dalili: umesema mara tatu, kosa lilelile linarudi

Chanzo cha kwanza ni maneno matupu. "Kuwa makini," "jirekebishe," "usilete mchezo na kazi." Mtu aliyeambiwa hivyo hajui abadilishe nini kesho asubuhi. Linganisha kauli hizi mbili kwa mtu aliyewekwa mlangoni mwa tangi kumlinda mwenzake aliyeingia ndani. Ya kwanza: "Wewe huna umakini kabisa." Ya pili: "Ulipoondoka kwenda kuchukua maji, mwenzako alibaki ndani bila mtu wa kumwita. Hewa ikiharibika mle ndani anaweza kuzimia kabla hajaita. Ukitaka maji, niite kwenye redio nilete mtu wa kukupokea." Ya pili ina kitendo, madhara yake na cha kufanya. Ndefu kidogo, lakini inatekelezeka.

Chanzo cha pili ni kizito zaidi: mtu anajua la kufanya, na hana njia ya kulifanya. Mfano ambao karibu kila karakana inaujua ni grainda ndogo iliyotolewa gadi, yaani kinga ya jiwe, na kufungwa jiwe kubwa la kukatia. Grainda ndogo ya inchi nne na nusu huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Jiwe la inchi tisa, yaani milimita 230, kwa kawaida limeandikwa kikomo cha karibu mizunguko 6,600. Kwenye grainda ndogo linakimbizwa zaidi ya mara moja na nusu ya kikomo chake, na bila gadi, vipande vikipasuka vinakuja usoni au tumboni. Fundi anaambiwa, anakubali, wiki ijayo unamkuta tena.

Kabla hujamwandikia barua ya onyo, muulize swali moja kwa upole: "Kwa nini hapa uliona ni bora kufanya hivi?" Utasikia kwamba stoo haina mawe madogo, au grainda kubwa iko moja na zamu nyingine imeifungia kabatini, au bomba ni nene na jiwe dogo halifiki ndani. Hapo unagundua kwamba mrejesho ulikuwa unapelekwa kwa mtu asiyehusika. Unatakiwa uende kwa mtu wa stoo na kwa anayesaini manunuzi, kwa maneno yaleyale ya wazi. Fundi naye bado ana sehemu yake, ya kusimamisha kazi na kusema hana kifaa. Lakini atasimamisha ikiwa mara ya mwisho aliyesimamisha kwa kukosa kifaa hakuitwa mvivu.

Chanzo cha tatu: unasema kimoja na kulipa kingine. Asubuhi mkuu anasema usalama kwanza, saa nane mchana anapita akiuliza tani ngapi. Watu si watoto. Wanasikiliza swali linaloulizwa mara nyingi.

Dalili: ukimwambia mtu, anawaka au ananuna

Mara nyingi ni mahali na saa. Kumkosoa fundi mbele ya wasaidizi wake ni kumvua nguo, hata kama ulichosema ni sahihi. Mwite pembeni. Na usimwambie mwishoni mwa zamu ndefu ya masaa 12, akiwa na njaa na basi linapiga honi, kama jambo linaweza kusubiri kesho asubuhi.

Wakati mwingine ni kwamba humwoni ila anapokosea. Mkuu ambaye hajawahi kupita na kusema, "Ile kufuli ya jana uliiweka vizuri, na lebo ilikuwa na jina na saa, hivyo hivyo," akija siku ya kosa, mtu anasikia hukumu tu. Sifa nayo iwe ya kitendo. "Hongera, endelea hivyo" haimfundishi mtu kitu.

Kama unayewaka ni wewe, kuna kazi ya kufanya upande huo pia. Neno la kwanza kutoka mdomoni liwe "Asante" au "Nimekusikia", kabla ya maelezo yoyote. Maelezo yako yanaweza kuwa ya kweli kabisa, lakini yakitangulia, aliyesema anasikia mlango ukifungwa. Kisha rudia ulichoelewa kwa maneno yako: "Unasema niliegesha fokolifti na uma ukiwa juu." Kisha sema utafanya nini, au sema kwamba hukubaliani na mwende pamoja mkaangalie. Kutokubaliana si dhambi. Wala usimtafute baadaye kuuliza ni nani "aliyemtuma".

Dalili: wote wanasema "sawa bosi", kisha hakuna kilichobadilika

"Sawa" ya heshima na "sawa" ya kuelewa zinasikika vilevile. Njia ya kuzitofautisha ni kumwomba mtu akurudishie: "Hebu nieleze utaanza na nini." Kama fomu ya kibali cha kazi imeandikwa kwa Kiingereza na waliosaini wanazungumza Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni, usitegemee saini zile. Soma kibali kwa sauti, kwa lugha ya watu waliopo, mkiwa mmesimama mbele ya mashine yenyewe.

Mahali pa hatari zaidi kwa ugonjwa huu ni makabidhiano ya zamu. Kwenye jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988, valvu ya usalama ya pampu moja ilikuwa imeondolewa kufanyiwa matengenezo na nafasi yake kuzibwa kwa bamba. Habari hiyo haikuwafikia walioingia zamu ya usiku. Pampu ya pili ilipogoma, wakaiwasha ile ya kwanza. Gesi ikavuja, ikalipuka, na watu 167 wakafa. Makaratasi yalikuwepo. Kilichokosekana ni mtu kumwambia mwenzake ana kwa ana kwamba ile haipo, usiiguse, na yule mwingine akairudia.

Kwa hiyo anayepokea zamu asiulize "Kila kitu sawa?" Aulize kilichofunguliwa, kilichoondolewa, kilichofungwa kwa kufuli, na nani ana ufunguo. Na mtoaji asiondoke mpaka asikie yakirudiwa.

Dalili: taarifa za nusura-ajali hazipo, au zimejaa upuuzi

Miezi inapita bila taarifa hata moja kwenye karakana yenye mafundi makumi: hiyo si amani. Angalia kama kuna zawadi ya fulana au mchele kwa "siku bila ajali". Zawadi hiyo inalipa ukimya, kwa sababu anayeripoti kidole kilichokatika anawanyima wenzake wote. Mficha maradhi kilio humuumbua, na hapa kampuni ndiyo inayofundisha kuficha.

Ikiwa taarifa ni nyingi lakini zote ni za "kamba ya kiatu haikufungwa", basi watu wamepangiwa idadi na wanaijaza. Takwimu nzuri za majeraha madogo zinaweza kukaa juu ya hatari kubwa bila kuigusa. Kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, ambako mlipuko wa tarehe 23 Machi 2005 uliua watu 15 na kujeruhi 180, uchunguzi ulikuta kwamba uongozi ulitegemea mno takwimu za majeraha ya mtu mmojammoja huku mitambo yenyewe ikizidi kuwa hatari.

Ondoa zawadi ya siku bila ajali. Taarifa ipokewe na mtu asiyempangia zamu mtoa taarifa. Usafiri wa anga wa Marekani umefanya hivyo tangu 1976: rubani anayetoa taarifa anaipeleka NASA, shirika la anga za juu, badala ya mamlaka inayoweza kumnyang'anya leseni, na jina lake linaondolewa. Kisha, na hili ndilo wengi wanalishindwa, jibu lirudi. Ndani ya wiki moja, bandika ubaoni: taarifa ilikuwa hii, tumefanya hivi, au hatujafanya kwa sababu hii. Taarifa isiyo na jibu ndiyo ya mwisho kuandikwa na mtu huyo.

Dalili: wewe mkuu wa zamu huambiwi kitu

Jiulize: mara ya mwisho kuambiwa na mtu wa chini yako kwamba umekosea ni lini, na ulifanya nini ndani ya dakika ile ya kwanza? Ukiwa huwezi kukumbuka, usijipongeze. Wiki hii vaa hanesi yako, ile mikanda ya kuzuia kuanguka, na mwombe kijana mmoja akukague kabla hujapanda jukwaani. Akikuta kosa, rekebisha palepale, mshukuru mbele ya wote. Watu watakuwa wamesoma uso wako, si hotuba yako.

Mrejesho unapokuwa si dawa

Mtu aliyekuja amelewa hahitaji ushauri. Hahitaji pia kukaa kwenye mashine. Aondolewe kwa heshima na asiendeshe chochote mpaka nyumbani. Anayefumba macho kwa uchovu wa zamu za mfululizo anahitaji ratiba nyingine. Anayevunja sheria ya kufuli kwa makusudi, akiwa na kila kifaa na ameshaelezwa, huyo ni wa utaratibu wa nidhamu, na kuendelea kumbembeleza ni kuwakosea wenzake.

Na ipo hali ngumu kuliko zote: umesema vizuri, kwa heshima, kwa ngazi zote tatu, na mkubwa anakuamuru uendelee. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 unataka mfanyakazi aliyejiondoa mahali anapoamini kwa sababu za msingi kuna hatari kubwa ya papo hapo kwa maisha au afya yake alindwe asiadhibiwe, na tangu Juni 2022 mkataba huo umewekwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya shirika hilo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 chini ya OSHA, wakala wa serikali unaoisimamia, na Kenya ina yake ya 2007. Lakini wakati huo huna muda wa kusoma sheria. Toka eneo la hatari. Sema kwa sauti ya kawaida, mbele ya shahidi: "Sikatai kazi. Nakataa kuifanya kabla swichi haijafungwa." Hiyo ni tofauti kubwa, na itakusaidia mbele. Andika kwenye daftari la zamu saa, mashine, ulichokiona na aliyekuamuru. Mwambie mwakilishi wa usalama au wa chama cha wafanyakazi siku hiyohiyo. Na kabla hujaondoka kiwandani, mtafute yule atakayepewa kazi hiyo baada yako umweleze mwenyewe, uso kwa uso, kwa nini uliikataa.